Mwanagenzi Aliyejifundisha Kuandika: Maisha ya Benjamin Franklin

Ndugu Mhariri aliponiomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu wa mwaka, nadhani alitazamia nimwandike mwanasiasa au jemadari wa vita. Nimemchagua mpiga chapa. Naomba nianze kwa kueleza sababu, ingawa itanibidi kwanza nijianike mwenyewe.

Wenzangu wa darasa moja watakumbuka kwamba katika insha sikuwa mtu wa kutajwa. Daftari langu lilirudi limejaa wino mwekundu, na mara nyingi pembeni mwalimu aliandika neno moja tu: mpangilio. Sikulielewa. Nilidhani insha nzuri ni ile yenye misemo mizito na methali nyingi, nami nilizimwaga methali kama mtu anayelisha kuku. Nikamaliza kidato cha sita, nikaenda Chuo Kikuu, nikapata shahada, nikaajiriwa serikalini, na neno lile bado sijalielewa.

Nililielewa katika mwaka wangu wa pili kazini. Nilipewa kazi ya kuandika dokezo la kuomba fedha za kutengeneza pampu ya maji ya kijiji kimoja. Nikaandika kurasa nne. Nilianza na historia ya kijiji, nikaingia katika sera ya maji, nikarudi tena kwenye historia, nikaeleza aina za pampu, na ombi lenyewe pamoja na kiasi cha fedha nikalifukia katikati ya ukurasa wa tatu. Jalada likapanda, likashuka, likapanda tena, kila mara likiwa na maswali ambayo majibu yake yalikuwamo ndani, ila hakuna aliyeyaona. Tarehe 30 Juni ikafika, mwaka wa fedha ukafungwa. Kina mama wa kijiji kile wakaendelea kuchota maji mtoni mwaka mwingine mzima. Hakuna aliyenilaumu, watu walisema ni urasimu. Lakini mimi nilijua urasimu ule ulianzia kwenye kalamu ya nani.

Katika majuto hayo nilikumbuka kitabu nilichokisoma nusu katika maktaba ya shule yetu, jalada lake limekwisha banduka: maisha ya Benjamin Franklin, aliyoyaandika mwenyewe. Nikakitafuta tena, na safari hii nikakisoma chote.

Franklin alizaliwa tarehe 17 Januari, 1706, katika mji wa Boston, wakati nchi ile ingali koloni la Uingereza. Baba yake, Josiah, alikuwa mhamiaji kutoka Uingereza, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mishumaa na sabuni kwa mafuta ya wanyama. Nyumba ilikuwa na watoto kumi na saba kwa mama wawili, na Benjamin alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wote wa kiume. Baba alitaka mtoto huyu awe mchungaji wa kanisa, akampeleka shule akiwa na umri wa miaka minane. Hakumaliza mwaka, gharama zilimshinda mzee. Akahamishiwa shule nyingine ya kuandika na kuhesabu, na huko hesabu zikamshinda mtoto. Alipotimiza miaka kumi akaondolewa shuleni kabisa, akawekwa dukani kukata tambi na kujaza mafuta katika kalibu za mishumaa. Elimu yake yote ya darasani haikuzidi miaka miwili.

Kazi ya mishumaa aliichukia, akawa anaota kwenda baharini. Baba yake, kwa kuogopa asitoroke, akamfunga kwa mkataba wa uanagenzi kwa kaka yake James, aliyekuwa na kiwanda cha uchapaji. Benjamin alikuwa na miaka kumi na miwili, na mkataba ulimtaka atumike mpaka atimize miaka ishirini na mmoja.

Humo kiwandani ndimo alimopata shule yake halisi. Vijana waliofanya kazi katika maduka ya vitabu walimwazima kitabu jioni, naye hukesha akikisoma ili kirudi dukani asubuhi kabla hakijaulizwa. Alipofika miaka kumi na sita aliacha kula nyama, akamwomba kaka yake ampe nusu tu ya fedha zilizokuwa zikilipwa kwa chakula chake, ajilishe mwenyewe. Kati ya nusu hiyo akaweka akiba nusu yake, akanunulia vitabu. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki kiwandani na kipande cha mkate na kitabu.

Alianza kuandika kwa kutunga mashairi ya kuuzwa barabarani. Moja lilihusu mlinzi wa mnara wa taa aliyezama baharini pamoja na jamaa zake, nalo lilinunuliwa sana. Kijana akaanza kuvimba kichwa. Baba yake akamkatisha tamaa kwa kumwonyesha jinsi mashairi yale yalivyokuwa duni, akamwambia kwamba watunga mashairi kwa kawaida huishia kuwa ombaomba.

Baadaye likatokea jambo ambalo ndilo kiini cha habari hii. Franklin alikuwa na rafiki aliyeitwa John Collins, naye alipenda vitabu na mabishano. Siku moja wakabishana kama inafaa wanawake wapewe elimu. Collins alisema haifai kwa kuwa hawana uwezo. Franklin akashika upande wa pili. Wakaachana bila kukubaliana, na kwa kuwa wasingeonana kwa muda, wakaendeleza ubishi kwa barua. Zikaandikwa barua tatu nne kila upande, hata mzee Josiah akaziona na kuzisoma.

Mzee hakuingia katika ubishi wenyewe. Alimketisha mwanawe akamweleza kwamba katika tahajia na alama za uandishi amemshinda mwenzake, shukrani kwa kazi ya uchapaji. Lakini katika uzuri wa maneno, katika mpangilio na katika uwazi, Collins anamwacha mbali. Kisha akamwonyesha mahali hapa na hapa ndani ya barua zake. Ndugu zangu, mtengeneza sabuni yule alimwambia mwanawe neno lile lile ambalo mwalimu wetu aliniandikia mimi. Tofauti ni kwamba Franklin alilisikia. Hakununa wala hakujitetea; aliona kwamba baba yake anasema kweli, akaazimia kujirekebisha.

Wakati huo ikamwangukia mikononi juzuu moja, ya tatu, ya Spectator, yaani Mtazamaji. Lilikuwa gazeti la London lililoandikwa na Joseph Addison na Richard Steele kuanzia mwaka 1711, na kila toleo lilikuwa insha moja fupi juu ya tabia na mambo ya watu. Franklin aliinunua, akaisoma na kuirudia, akatamani kuandika kama wale. Ila hakuishia kutamani, alijibunia mazoezi.

Zoezi la kwanza lilikuwa hivi. Alichagua insha, akasoma kila sentensi, akaandika kwa maneno machache tu wazo lililomo. Akayaweka kando makaratasi yake siku kadhaa mpaka maneno ya asili yamtoke kichwani. Kisha, bila kukifungua kitabu, akajaribu kuijenga upya insha nzima kutokana na vidokezo vile, kila wazo akilieleza kwa ukamilifu kwa maneno yake. Alipomaliza alifungua kitabu, akalinganisha, akaona makosa yake na kuyasahihisha.

Zoezi la pili lilitokana na upungufu aliougundua katika la kwanza: hazina yake ya maneno ilikuwa ndogo. Basi akazigeuza baadhi ya hadithi kuwa mashairi, maana shairi hulazimisha mtu kutafuta neno jingine lenye maana ile ile lakini lenye urefu au sauti tofauti. Akisha kuisahau hadithi ya asili, aliligeuza shairi kuwa nathari tena.

Zoezi la tatu ndilo lililoniamsha mimi. Alichukua vidokezo vyake vya mawazo, akavichanganya ovyo, akaviacha wiki kadhaa. Halafu akajaribu kuvipanga upya katika utaratibu ulio bora kuliko wote, kabla hajaandika sentensi hata moja. Hili alilifanya makusudi ajifunze kuyapanga mawazo. Akilinganisha na kitabu aliona ni wapi amekosea. Na mara chache, katika mambo madogo, alithubutu kudhani kwamba yeye amepanga vizuri zaidi, na furaha hiyo ikampa moyo wa kuendelea.

Wapi alipata nafasi? Usiku baada ya kazi, alfajiri kabla ya kazi, na siku za Jumapili, alipojificha kiwandani peke yake wakati alipaswa kuwa kanisani. Hakuna aliyemsahihisha ila kitabu chenyewe.

Matunda hayakukawia. Mwaka 1721 James alianzisha gazeti, New-England Courant. Benjamin alijua kwamba kaka yake hatachapa maandishi ya mwanagenzi, basi mwaka 1722 akaandika barua kwa mwandiko wa kujificha, akajitia kuwa mama mjane aitwaye Silence Dogood, akaisukuma usiku chini ya mlango wa kiwanda. James na rafiki zake wakaisoma, wakaisifu, wakaanza kukisia ni nani kati ya watu wenye elimu wa mji ule aliyeiandika, na mwanagenzi amesimama papo hapo anasikiliza. Barua kumi na nne za mama yule zilichapwa. Mwandishi alikuwa na miaka kumi na sita.

Alipojulikana, kaka hakufurahi. Wakagombana, kipigo hakikukosekana, na mwaka 1723 Benjamin akatoroka. Alifika Philadelphia akiwa na miaka kumi na saba, mchafu wa safari, fedha zake zimekaribia kwisha, akatembea barabarani akila mkate mmoja na mingine miwili ameibana makwapani. Msichana aliyemwona akipita hivyo, Deborah Read, baadaye alikuja kuwa mke wake.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Alifanya kazi ya uchapaji London kuanzia mwishoni mwa 1724 hadi 1726, akarudi Philadelphia, akawa na kiwanda chake, na mwaka 1729 akalichukua gazeti la Pennsylvania Gazette. Mwaka 1727 aliunda kikundi cha vijana wenye kazi za mikono, kikiitwa Junto. Walikutana kila Ijumaa jioni, na kila mwanachama alitakiwa kusoma mbele ya wenzake, mara moja katika kila miezi mitatu, insha aliyoiandika mwenyewe. Kutokana na kikundi hicho ikazaliwa, mwaka 1731, maktaba ya wanachama kuchangia.

Mwaka huo wa 1729 ulitokea ubishi mkali kama koloni litoe fedha zaidi za karatasi. Matajiri walipinga, wafanyabiashara wadogo na mafundi walizihitaji. Franklin, mwenye miaka ishirini na mitatu, akaandika kijitabu cha kuzitetea. Matajiri hawakukipenda, lakini upande wao ulikosa mtu wa kukijibu, upinzani ukalegea, na Baraza likapitisha jambo lile. Akapewa na tenda ya kuzichapa fedha zenyewe. Katika kitabu chake anaihesabu kuwa faida nyingine aliyoipata kwa kujua kuandika. Wachumi wanaweza kubishana juu ya hoja zake. Mimi najifunza hili: katika mambo ya umma, asiyeweza kueleza hoja yake huhesabiwa kuwa hana hoja, hata akiwa tajiri.

Watumishi wa serikali wenzangu watapenda kujua kwamba mwaka 1736 alichaguliwa kuwa karani wa Baraza la Pennsylvania, na mwaka 1737 akawa mkuu wa posta wa Philadelphia. Vikao vya Baraza vilimchosha hata akawa anajiburudisha kwa kuchora miraba ya tarakimu. Nani kati yetu hajapata kukaa katika kikao cha namna hiyo?

Alijirekebisha pia katika namna ya kusema. Ujanani alikuwa mbishi wa kumaliza watu. Baadaye akaacha maneno ya kukata kauli, yale ya bila shaka na ya hakika, akawa anasema kwamba anavyoona yeye jambo liko hivi, au kwamba huenda asipokosea liko hivi. Aliona kwamba kwa njia hiyo watu husikiliza zaidi, na yeye akikosea haaibiki sana.

Kuhusu elimu ya umeme, wengi tunajua kisa cha kishada na radi cha mwaka 1752. Wachache wanajua kwamba sifa yake ilitangulia kwa maandishi. Alieleza majaribio yake katika barua kwa rafiki yake Peter Collinson wa London, nazo zikachapwa kitabu mwaka 1751. Kikafasiriwa kwa Kifaransa, na mwezi Mei 1752 Wafaransa wakasimamisha chuma kirefu katika kijiji cha Marly, wakafuata maelezo yake, wakapata cheche kutoka wingu la radi. Yeye alikuwa ng'ambo ya bahari, hana habari. Hebu fikiria: maelezo yanavuka bahari, yanageuzwa lugha, yanafika kwa watu wasiomjua mwandishi, na bado yanatendeka kama yalivyoandikwa. Dokezo langu mimi halikuvuka ghorofa moja.

Mwaka 1749 alitoa mapendekezo ya kuanzisha shule ya vijana wa Pennsylvania, ambayo ilifunguliwa 1751 na hatimaye ikawa chuo kikuu. Humo alishauri wanafunzi waandikiane barua, wafanye muhtasari wa waliyoyasoma, na wayaandike mambo yale yale kwa maneno yao wenyewe, kisha mwalimu asahihishe. Yalikuwa mazoezi yake ya kiwandani, safari hii yakiwa na mwalimu.

Mwaka 1776 alikuwa mmoja wa watu watano waliopewa kazi ya kuandaa Azimio la Uhuru la Marekani. Mwandishi wa rasimu alikuwa Thomas Jefferson, naye aliumia kuona Bunge likimkatia maneno yake. Franklin, aliyekaa karibu naye, akamfariji kwa kisa cha mtengeneza kofia. Fundi huyu aliandaa kibao chenye picha ya kofia na maneno kwamba John Thompson, mtengeneza kofia, hutengeneza na kuuza kofia kwa fedha taslimu. Rafiki mmoja akasema neno mtengeneza kofia halina kazi, kwa kuwa yanafuata maneno hutengeneza kofia. Wa pili akafuta hutengeneza, maana mnunuzi hajali ni nani aliyetengeneza. Wa tatu akafuta fedha taslimu, kwa kuwa hapo hapana desturi ya kukopesha. Wa nne akauliza kama kuna anayetegemea kupewa kofia bure, neno kuuza likaanguka. Na kofia likaanguka pia, kwa sababu ilikwisha chorwa. Likabaki jina na picha. Franklin alikisimulia kuonyesha kwa nini yeye hukwepa kuandika rasimu zitakazopitiwa na kikao. Tunaoandika madokezo tutacheka naye, lakini tukirudi mezani tujiulize ni maneno mangapi yetu ambayo mzigo wake umekwisha bebwa na neno jingine.

Sitaki nimchore kama malaika. Nyumbani kwake walikuwamo watumwa, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watumwa na ya kuwasaka waliotoroka. Wino ule ule uliotetea maktaba ulitangaza bei ya binadamu. Aandikaye vizuri si lazima atende vizuri, na jambo hili wasomi tusilisahau. Uzeeni aligeuka. Mwaka 1787 akawa rais wa chama cha kukomesha utumwa cha Pennsylvania, na Februari 1790 akatia sahihi ombi kwa Bunge. Mbunge mmoja aliposimama kuutetea utumwa, Franklin, mgonjwa kitandani, akaandika barua ya kejeli, akajitia kuwa amepata hotuba ya mtu wa baraza la Algiers anayetetea kuwafanya Wakristo watumwa kwa hoja zile zile za mbunge yule. Alianza kuandika kwa jina la mjane wa kubuni, akamaliza kwa hotuba ya mtu wa kubuni. Wiki chache baadaye, tarehe 17 Aprili, 1790, alifariki akiwa na umri wa miaka themanini na minne.

Sasa nirudi kwenye pampu. Nilipomaliza kitabu nililitoa lile dokezo langu, nikalifanyia kama Franklin alivyozifanyia insha za Spectator: kila wazo nililiandika kwa maneno machache kwenye kikaratasi chake. Katika kurasa nne nilipata mawazo tisa tu, na mawili kati yake nilikuwa nimeyarudia mara tatu. Nikavitandaza vikaratasi mezani, vinavyofanana nikaviweka pamoja, yakapatikana mafungu matatu: tunaomba nini, kwa nini, na itagharimu kiasi gani. Hapo ndipo nilipoijua aya. Aya ni fungu la mawazo yanayofanya kazi moja, na sentensi isiyosaidia kazi hiyo itafute fungu jingine au iondoke. Dokezo jipya lilikuwa ukurasa mmoja, ombi likiwa katika aya ya kwanza. Lilirudi siku ya tatu likiwa limeidhinishwa. Sidai kwamba ni aya zangu tu zilizoleta maji, maana walikuwapo na wengine waliolipigania jambo lile. Nasema kwamba safari hii sikuyazuia.

Wadogo zetu mlioko madarasani, hamhitaji Spectator. Chukueni Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1954. Naye alikuwa karani wa serikali kama baadhi yetu. Chagueni insha moja, andikeni vidokezo vyake, vichanganyeni, viacheni hata wiki mbili, kisha vipangeni na kuijenga insha upya kabla ya kufungua kitabu. Mtaona aibu kidogo mara ya kwanza. Mimi niliona, na nilikwisha pita miaka thelathini.

Na mwalimu wenu akiandika pembeni neno mpangilio, msifunge daftari. Mwulizeni ni mahali gani.